Maswali ya Wasomaji: Muziki Unaokatizwa na Programu Nyingine za Simu

Barua nyingi zilizoifikia safu hii katika wiki za karibuni zina malalamiko yanayofanana: mtu anasikiliza muziki au mawaidha kwenye simu, anafungua programu nyingine, na mara sauti inakoma. Nimechagua baadhi yake zinazotofautiana kwa chanzo, kwa sababu dawa iliyomfaa mmoja huenda isimfae mwenzake hata kama dalili ni zilezile.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna mwandishi wa barua aliyelieleza, nalo ndilo ninaloliuliza kwanza kila ninapoletewa simu ya namna hii. Muziki unapokoma, usibonyeze chochote; shusha pazia la arifa kutoka ukingo wa juu wa kioo na utazame kama kicheza muziki bado kipo pale. Kikiwapo, na alama yake ikionyesha kwamba kimesitishwa, basi kimenyang'anywa sauti na programu nyingine. Kikiwa kimetoweka kabisa, na ukikifungua kinaanza upya kama kwamba simu imewashwa sasa hivi, basi mfumo wa simu wenyewe ndio uliokizima. Na kikionyesha kwamba wimbo unasonga mbele ilhali sauti imefifia au haisikiki, kasoro itafutwe kwenye njia ya sauti, yaani kiwango cha sauti, Bluetooth au waya. Wengi walioniandikia walifuta kicheza muziki na kukipakua tena, na wengine walirudisha simu katika hali ya kiwandani na kupoteza picha zao, kabla ya kutazama hapo.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Nikiwa kazini husikiliza nyimbo nilizozihifadhi kwenye simu yangu ya Android. Nikifungua Facebook ili kuwaonyesha wateja mishono, baada ya muda mfupi nyimbo zinakoma, na hazirudi hata nikiifunga Facebook. Nimekwisha kufuta kicheza muziki na kukiweka upya bila mafanikio. Je, ni kibovu?

JIBU: Kicheza muziki chako ni kizima, ndugu yangu. Kilichotokea ni kwamba kimetii amri. Tangu toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2010, Android ina utaratibu wa zamu ya sauti: programu inayotaka kusikika huomba zamu kwa mfumo, na programu iliyokuwa ikisikika huarifiwa kwamba zamu yake imechukuliwa. Fikiria ukumbi wenye kipaza sauti kimoja tu, ambacho kila anayetaka kusema lazima akiombe.

Maombi hayo si ya aina moja, na hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Programu inaweza kuomba zamu ya kudumu, ikimaanisha kwamba inaanza kucheza sauti yake na haijui itamaliza lini. Kicheza muziki kikipokea taarifa hiyo husimama na kusubiri wewe mwenyewe ukirudishe. Inaweza pia kuomba zamu ya muda mfupi, kwa mfano simu inapoita, na hapo muziki hutarajiwa kuendelea wenyewe zamu inaporejeshwa. Aina nyingine ni zamu ya muda mfupi inayomruhusu mwenye sauti ya awali aendelee kwa sauti ya chini, ambayo hutumiwa na milio ya arifa na maelekezo ya barabarani. Video inayoanza kucheza kwa sauti kwenye Facebook inapochukua zamu ya kudumu, nyimbo zako hazina ahadi yoyote ya kurudi, na kuifunga Facebook hakubadilishi neno.

Hadi Android 11 utaratibu huu ulitegemea uungwana wa watengenezaji, kwani programu iliyokaidi iliweza kuendelea kupiga kelele juu ya mwenzake. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021, mfumo wenyewe huififisha sauti ya muziki uliokuwa ukicheza pindi zamu ya kudumu inapochukuliwa. Ndiyo maana baadhi ya wasomaji wanasema tatizo lilianza baada ya kusasisha simu: zamani sauti mbili zilikuwa zikichanganyika, na sasa moja inanyamazishwa.

Dawa yako iko ndani ya Facebook. Fungua mipangilio yake, ingia sehemu inayohusu video na picha, kisha zima chaguo linaloziruhusu video kuanza zikiwa na sauti. Ukipenda, zima pia chaguo la video kujichezea zenyewe, maana hilo litakuokolea bando. Kupunguza sauti kwa vitufe vya pembeni hakusaidii, kwa sababu video na nyimbo hutumia kiwango kimoja cha sauti, na programu inaweza kushikilia zamu hata kiwango kikiwa sifuri. Baadhi ya vicheza muziki, Poweramp kikiwa mfano mmoja, vina mipangilio ya kuchagua namna ya kuitikia zamu inapochukuliwa, ila kwenye Android 12 na matoleo ya baadaye chaguo hilo haliwezi kuushinda mfumo kila wakati. Kuhusu TikTok, ambayo wasomaji wengine wameilalamikia kwa jambo hilihili, sioni kosa: sauti ndiyo kiini cha programu ile, na anayeifungua amekwisha kuchagua cha kusikiliza.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Unguja. Mjukuu wangu aliniwekea programu ya adhana, nami naipenda. Shida ni kwamba adhana ikiisha, mawaidha niliyokuwa nikiyasikiliza hayaendelei. Yanabaki kimya mpaka niyatafute tena. La ajabu, nikiwa garini na mwanangu anayetumia ramani ya simu, taarabu inapungua sauti tu bibi wa ramani anaposema, lakini mawaidha yanasimama kabisa. Kwa nini simu inayabagua mawaidha?

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo mzee wetu. Nianze na la pili, kwa sababu umelichunguza vizuri kuliko vijana wengi. Tangu Android 8.0, ya mwaka 2017, mfumo huweza kuushusha muziki wenyewe kwa sekunde chache na kuurudisha bila kicheza muziki kuhusishwa. Lakini programu iliyojitambulisha kwamba inacheza maneno, kama vile mawaidha, habari au kitabu kinachosomwa, haishushwi namna hiyo. Huarifiwa tu, na watengenezaji hushauriwa waisitishe. Sababu ni nzuri: wimbo ukipungua kidogo hujapoteza kitu, ila sentensi ya shekhe ikifunikwa na agizo la kukata kushoto, umeikosa. Ramani inapomaliza kusema, mawaidha yanapaswa kuendelea pale yalipoachia.

Adhana ni suala jingine. Ikiwa programu yako inacheza adhana kamili kwa kuchukua zamu ya kudumu, mawaidha hayatarudi, kama nilivyomweleza fundi wa Dodoma. Mwombe mjukuu akufungulie mipangilio ya programu hiyo aangalie mambo mawili: kwanza, kama kuna chaguo la kutangaza wakati wa sala kwa mlio wa arifa au kwa takbira fupi badala ya adhana nzima, pili, kama kuna chaguo la kutumia sauti ya kengele ya saa, ambayo ina kiwango chake tofauti na kile cha muziki. Kisha afungue mipangilio ya programu unayosikilizia mawaidha atafute chaguo la kuendelea baada ya kukatizwa, kwani baadhi ya programu huliacha likiwa limezimwa. Hayo yote yakishindikana, kuna programu nyingi za adhana, na kubadilisha moja ni kazi ya dakika chache. Mimi binafsi ningeichagua ile isiyo na matangazo ya biashara, kwa kuwa tangazo la video likijichomeza baada ya adhana nalo huchukua zamu ya sauti.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama lishe Mwanza. Asubuhi naweka nyimbo za injili, nazima kioo ili nisimalize chaji, naiweka simu kwenye mfuko wa aproni. Haupiti muda nyimbo zinakatika. Nikiwasha kioo na kutazama juu, hakuna kitu. Simu yangu si ya bei kubwa.

JIBU: Asante, mama, kwa kutazama juu, maana sentensi yako hiyo imenipa zaidi ya nusu ya jibu. Kicheza muziki chako hakikunyang'anywa sauti, kimezimwa.

Kwanza lazima niulize unasikilizia wapi. Ikiwa ni YouTube bila malipo, kukoma kwa sauti unapozima kioo si hitilafu. Kucheza huku kioo kimezimwa ni huduma wanayouziwa wanaolipia kila mwezi, na hakuna mpangilio wa simu utakaokupa bure. Afadhali nyimbo uzihifadhi kwenye simu, au utumie programu ya muziki au ya redio inayoruhusu kuzima kioo.

Ikiwa unatumia programu ya kawaida ya muziki, tatizo ni ubanaji wa betri. Android 6.0, ya mwaka 2015, ilianza kuzilaza programu simu inapoachwa imetulia kioo kikiwa kimezimwa, na Android 8.0 ikazuia zaidi kazi zinazoendelea kwa siri. Kicheza muziki kilichotengenezwa vizuri hukwepa vizuizi hivyo kihalali kwa kujitangaza kupitia ile arifa ya juu, inayouambia mfumo kwamba kazi hii mwenye simu anaijua na anaitaka. Balaa ni kwamba watengenezaji wengi wa simu huongeza sheria zao wenyewe juu ya zile za Android ili chaji idumu zaidi, na sheria hizo mara nyingi huwa kali kiasi cha kutojali arifa hiyo. Simu zenye kumbukumbu ndogo, za gigabaiti 2 kwa mfano, zina shida ya ziada: ukifungua kamera au programu nyingine nzito, mfumo hutafuta cha kutoa ili upate nafasi, na kicheza muziki kinaweza kuwa cha kutolewa.

Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu, chagua kicheza muziki chako, kisha ingia kwenye betri na ukiruhusu kitumie betri bila kuzuiwa. Kwenye simu za Samsung, angalia pia orodha ya programu zilizolazwa na ukiondoe humo. Simu za chapa nyingine zina ukurasa wa programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, na humo nako kiruhusu. Halafu, katika orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, simu nyingi hukuwezesha kuifunga programu kwa alama ya kufuli ili isifagiliwe pamoja na nyingine. Usiwashe hali ya kuokoa betri ukiwa unasikiliza, maana inaweza kuvuruga mengi uliyoyapanga.

Nina neno moja kali kuhusu zile programu zinazodai kusafisha simu na kuiongezea kasi. Ziondoe. Zinaua programu ambazo mfumo ungeziacha, kisha mfumo unatumia chaji zaidi kuziwasha upya, na katikati ya vita hivyo nyimbo zako ndizo zinazoumia. Hata ile iliyokuja na simu, ambayo huwezi kuiondoa, inyime ruhusa ya kujiendesha yenyewe.

SWALI: Niko Nairobi. Ninatumia spika za masikioni za Bluetooth. Nikirekodi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, muziki unakatika, jambo ambalo nalielewa. Lakini nikicheza mchezo wa mtandaoni na kuzungumza na wenzangu, muziki unaendelea huku ukisikika mwembamba na mkavu, kama simu ya mezani ya zamani. Muuzaji amenibadilishia spika, na hali ni ileile. Je, anauza bidhaa mbovu?

JIBU: Muuzaji hana hatia. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitishia sauti. Ya kwanza ni ya muziki: inapeleka sauti ya pande mbili, kushoto na kulia, kwa ubora mzuri, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka simu hadi masikioni. Ya pili ni ya mazungumzo, inayokwenda na kurudi, na kwa sababu imebeba pande zote mbili kwa wakati mmoja, ubora wake umepunguzwa sana. Muziki kwa kawaida hupitishwa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde; njia ya mazungumzo hutumia 8,000, au 16,000 kwenye vifaa vilivyo bora zaidi, na sauti yake haitenganishi kushoto na kulia. Mchezo wako unapoiwasha maikrofoni ya spika, simu hulazimika kuihamishia sauti yote kwenye njia ya mazungumzo, muziki ukiwamo, na nyuzi za juu na besi hupotea njiani.

Usiitumie maikrofoni ya spika. Baadhi ya michezo hukuruhusu kuchagua maikrofoni ya simu yenyewe. Mingine inakuruhusu kuzima mazungumzo ya sauti kabisa, na muziki hurudia uzuri wake papo hapo. Spika za waya hazina tatizo hili hata kidogo. Teknolojia mpya iitwayo Bluetooth LE Audio, ambayo Android iliipokea katika toleo la 13, inaweza kubeba mazungumzo kwa ubora wa juu zaidi, mradi simu na spika zote mbili ziwe zinaitumia. Usinunue kwa kuambiwa, soma boksi.

SWALI: Nina iPhone, napiga video za harusi hapa Mombasa. Nataka muziki wa simu uendelee wakati narekodi ili maharusi wacheze. Kila nikibonyeza kitufe chekundu, muziki unazima.

JIBU: Kwenye iPhone kila programu hujitangazia aina ya sauti yake: kuna inayokubali kuchanganyika na nyingine, na kuna inayotaka kusikika peke yake. Kamera ilikuwa katika kundi la pili. Tangu iOS 18, ya mwaka 2024, Apple imeweka swichi ya kulibadilisha hilo: ingia kwenye mipangilio, chagua Camera, kisha “Record Sound”, na uwashe “Allow Audio Playback”. Ikiwa simu yako haijafika toleo hilo, kaa kwenye hali ya picha za kawaida na ubonyeze kitufe cha kupigia bila kukiachia. Itarekodi video, na muziki hautakatika. Njia hii hufanya kazi kwenye iPhone 11 na zilizofuata. Hata hivyo, kwa kazi ya kulipwa ningetumia spika na simu nyingine kwa ajili ya muziki, maana mtu mmoja akikupigia simu katikati ya kwaito, umeharibu video na ngoma kwa pamoja.

SWALI: Salaam kutoka Muscat. Muziki wangu unakoma wenyewe jioni, bila kufungua programu yoyote. Ninalipia Spotify, na dada yangu aliyeko Pemba anatumia akaunti hiyohiyo.

JIBU: Jibu umelitia mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Akaunti ya mtu mmoja huchezesha muziki wa mtandaoni kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo dada akianza kwake, kwako unakoma. Jioni ya Muscat iko saa moja tu mbele ya Pemba, na nyote mnatoka kazini karibu wakati mmoja. Pakua nyimbo zako na uiweke programu katika hali ya nje ya mtandao, au kila mmoja awe na akaunti yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Arusha. Nikisoma usiku simu iko mezani, siigusi, na spika za waya ziko masikioni. Muziki unasimama ghafla, arifa bado ipo. Nimesoma ushauri wa kufuta programu moja baada ya nyingine, lakini sitaki kubahatisha. Kuna namna ya kumkamata mhusika?

JIBU: Ipo, ila kwanza tumtoe mtuhumiwa wa nje. Kitufe cha kusitisha kilicho kwenye waya wa spika hufanya kazi kwa kuunganisha waya wa maikrofoni na waya wa ardhi. Jasho au uchafu uliojaa kwenye tundu la simu unaweza kufanya vilevile, na simu ikadhani umebonyeza. Dalili yake ni muziki kuruka hadi wimbo unaofuata, au msaidizi wa sauti kujitokeza bila kuitwa. Vilevile, waya ukilegea kwa nukta moja, Android huwaarifu wacheza muziki wote kwamba spika zimechomolewa, nao husitisha ili usiwaamshe wenzako bwenini. Muziki hauanzi tena wenyewe, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Jaribu usiku mmoja bila spika hizo.

Hali ikiendelea, unahitaji kompyuta yenye adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Kwenye simu, ingia kwenye maelezo kuhusu simu na ubonyeze namba ya muundo (“Build number”) mara 7, ili chaguo za wasanidi zifunguke. Humo uwashe utatuzi wa USB. Muziki ukisimama, unganisha simu na kompyuta, kisha uandike amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta:

adb shell dumpsys audio

Yatatoka maandishi mengi sana. Tafuta neno “focus”, ambalo ndilo jina la Kiingereza la zamu ya sauti. Utakuta orodha ya programu zilizo kwenye foleni ya zamu ya sauti, aliye wa mwisho katika orodha akiwa ndiye mwenye zamu, na chini yake kumbukumbu ya maombi ya karibuni pamoja na saa yalipotolewa. Linganisha saa hiyo na wakati muziki ulipokoma. Programu hutajwa kwa majina yao ya ndani, ambayo wakati mwingine hayafanani na yale unayoyajua: Facebook ni com.facebook.katana, na TikTok ni com.zhiliaoapp.musically, jina lililobaki tangu Musical.ly ilipounganishwa nayo mwaka 2018. Aina ya ombi nayo huandikwa, kwa hiyo utajua kama zamu iliombwa ya kudumu au ya muda.

Ukishampata, mnyime ruhusa ya kutoa arifa zenye sauti au umzuie kuendelea baada ya kufungwa, kabla hujafikia kumfuta. Ikiwa simu yako ina Android 15, mhusika atakuwa na nafasi ndogo zaidi, kwa sababu programu zilizotengenezwa kwa kulilenga toleo hilo haziruhusiwi kuomba zamu isipokuwa ziwe mbele ya macho yako au ziwe na huduma inayojitangaza kwenye arifa. Ukimaliza uchunguzi, uzime utatuzi wa USB, hasa ikiwa simu unaichaji kwenye kompyuta za maktaba.